Idara ya Jiografia wanabandika tangazo Ijumaa jioni, safari Jumatatu alfajiri, ukikosa unapigwa sifuri. Hii haikubaliki!

Wakuu habari za muda huu. Leo siku ya tatu silali vizuri kwa hasira, kwahiyo nikipandisha sana huko chini mnivumilie.

Niko mwaka wa tatu, nasoma jiografia na mazingira. Chuo sikitaji maana nataka nimalize salama, ila walioko pale wakisoma mistari miwili tu watajua ni wapi.

Iko hivi. Semista hii tuna kozi ya majanga, na tangu wiki ya kwanza lekchara alituambia kutakuwa na fildi mlima Hanang kule Manyara, kwenda mji wa Katesh kuangalia njia ya yale maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, ina maksi 20 za kosweki (zile za kazi za kabla ya mtihani wa mwisho), tarehe mtatangaziwa na idara. Sawa, tukasubiri. Wiki ya 4 kimya, ya 7 kimya, ya 10 CR (mwakilishi wa darasa) anaenda kuuliza anaambiwa gari bado halijathibitishwa, pesa bado haijasainiwa, rudini darasani. Halafu wiki ya 12, Ijumaa saa 11 jioni watu wameshatawanyika, mtu anatoka ofisini na karatasi moja anaibandika kwenye ubao wa ghorofa ya pili, eti safari ni Jumatatu saa 10 alfajiri, kila mmoja aje na elfu 60 ya kula.

Jengo lenyewe wikiendi linafungwa!! Sasa nani alitakiwa kuliona hilo tangazo? Tuko 63 darasani, waliopanda basi ni 22, karibu wote wa hosteli, walioambiana usiku usiku. CR mwenyewe alikuwa msibani kwao, hakujua kitu. Mimi nimepanga nje, kufika chuo ni daladala mbili, Ijumaa ile kipindi changu cha mwisho kiliisha saa 8 mchana nikaondoka zangu. Nimekuja kujua Jumatatu saa 3 asubuhi nikiangalia stetasi, naona wenzangu wako ndani ya basi wanaimba. Nilikaa kitandani nikalia, sioni aibu kusema.

Maana mimi ni mtu wa Manyara. Ile Jumapili alfajiri tope lilipotoka mlimani na mawe na magogo likapita kijiji cha Gendabi likaingia mpaka Katesh mjini, nilikuwa nyumbani Babati, tulipiga simu za ndugu kutwa nzima. Walikufa watu zaidi ya 80. Serikali ikaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka, na hiyo sentensi moja ndiyo iliyonifanya nijaze jiografia kwenye fomu ya chuo wakati mjomba alitaka nisome uhasibu. Miaka yote hii nasubiri nisimame pale na mtu anayejua anionyeshe, hapa ndipo palipomeguka, hapa tope lilipata kasi, hapa lilipunguza likaacha mawe.

Nikaenda kwa mkuu wa idara, nikamwamkia vizuri, nikaeleza. Jibu: "Ubao wa matangazo upo, kusoma ni jukumu lako." Nikaomba basi nipewe kazi mbadala, hata nijilipie nauli niende mwenyewe, akasema hakuna utaratibu huo. Watu 41 sifuri kwenye maksi 20, wengine tayari wananusa sapu, yaani kurudia mtihani.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Jumatano, basi hata halijarudi, kwenye ukurasa wa habari wa idara picha zimeshapanda, nzuri kabisa, mkuu wa idara kavaa kofia anaonyesha mlima kwa kidole. Kumbe intaneti mnaijua! Kumbe kuna mtu kazi yake ni kupandisha habari! Mbona habari ya kabla haipandi, inayopanda ni ya shughuli iliyokwisha? Novemba ilikuwa hivi hivi, Siku ya GIS (mifumo ya ramani za kompyuta), tukakuta bango linateremshwa, kulikuwa na mgeni kafundisha bure namna ya kuchakata picha za setilaiti kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, ukumbi nusu mtupu, na sisi tulikuwa chini kwenye vimbweta tunahangaika na kitu hicho hicho.

Kuna jamaa kaniambia acha makelele, ripoti si ungeokoteza mtandaoni. Hapana mkuu. Data ya mwinuko tunayotumia maabara ni ile ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, kila pikseli ni kama mita 30 kwa 30, korongo la upana wa mita 5 pale halionekani, na tope linapita kwenye makorongo ya namna hiyo. Lazima ukanyage, upime mteremko, ushike udongo wa majivu ya volkano uone unavyoshika maji. Na kesho hawa hawa 41 ndio watapelekwa halmashauri kushauri wananchi wajenge wapi.

Ninachotaka si kikubwa. Tangazo la fildi litoke angalau wiki mbili kabla, litumwe kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na sisi tuliokosa tupewe kazi nyingine kabla UE (mtihani wa mwisho wa semista) haijaanza. Barua tumeshaandika, majina 38 yamesaini, watatu wameogopa na siwalaumu.

Sasa naomba msaada kwa waliowahi kupita hapa: hii barua tuipeleke kwa mkuu wa ndaki, aliye juu ya idara, moja kwa moja au lazima ipitie kwa huyo huyo mkuu wa idara? Na kuna mtu aliwahi kukata rufaa ya kosweki akashinda? Tuna siku 9 tu.