Picha uliyoiharibu ikakufundisha kazi: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Tanga

Habari za jioni wanajamvi. Napiga picha za harusi na sendofu huu mwaka wa tisa. Kila wiki kuna kijana ananiuliza ninunue kamera gani. Huwa namjibu, ila mimi kazi nimejifunzia kwenye picha nilizoharibu, na nadhani wengi humu ni hivyo hivyo. Naanza na yangu.

Mwaka wangu wa pili nilipewa harusi ya binamu yangu. Bwana harusi kanzu nyeupe, bibi harusi shela jeupe, nyuma yao ukuta wa chokaa, saa saba mchana. Kwenye kioo cha kamera naona mambo safi. Usiku nafungua kompyuta, shela limetoka vizuri mpaka uzi wa tarizi unauhesabu, lakini nyuso hazina macho. Pale penye macho pana vivuli viwili. Shangazi alipoletewa albamu alifunua kurasa tatu, akaifunga, akaniambia, "Ahsante mwanangu." Ile ahsante naisikia mpaka leo.

Kamera haijui kama inatazama kanzu. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutaka wastani wake uwe kijivu. Ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Ukiongeza mwanga ili uso uonekane, kanzu nayo inaungua, na weupe ukishaungua haurudi hata ungepiga kwa RAW, lile faili ghafi la kamera. Kwa hiyo jua la utosi silipigani nalo tena. Nawahamishia barazani, kwenye kivuli, wakitazama nje kule kweupe. Hapo tofauti ya kanzu na uso inapungua, napima mwanga usoni, naongeza mwanga kidogo, +0.7 hivi kwenye kipimo cha kamera, halafu natazama histogramu, ile grafu ya mwanga, kuliko kuamini kioo. Msaidizi wangu anashika lile zuio la jua la fedha linalowekwa kwenye kioo cha gari, usawa wa kiuno, analiinamisha taratibu mpaka kwenye kila jicho inatokea nukta ndogo ya mwanga. Ile nukta ikitokea tu, mtu amekuwa hai.

Karibuni.

Mdau, Unguja

Hapo kwenye kivuli umenena. Vichochoro vya Mji Mkongwe jua halifiki chini, lakini ukuta wa juu ukipigwa na jua unateremsha mwanga laini mno. Mimi nikiona ukuta wa namna hiyo nauvizia saa nne asubuhi.

Langu lilikuwa la adabu zaidi kuliko mwanga. Nilikuwa nawapiga wazee wanaokunywa kahawa Jaws Corner kwa lenzi ya 200mm, ile ya kuvuta mbali, nimejibanza pembeni. Picha kali kama wembe, lakini zote baridi. Mzee mmoja akaniita. "Mwanangu, watuwinda?" Niliona haya sana. Siku ya pili nikaja bila kamera, nikanywa kahawa. Ya tatu nikacheza dhumna, nikafungwa. Ya nne yeye mwenyewe akaniuliza, "Na ile kamera yako i wapi leo?" Nikampiga kwa lenzi ya 35mm, ile ya karibu, hatua mbili kutoka kwake, kikombe mkononi, mvuke unampita puani. Ndiyo picha niliyoichapa na kuiweka ukutani nyumbani, na yeye nimempelekea yake.

Anayetaka kuona ninachosema apite Capital Art Studio, hapo Mji Mkongwe. Ranchhod Oza aliianzisha mwaka 1930 na picha zake za nyeusi na nyeupe bado zimejaa ukutani. Tazama macho ya wale watu. Wanamtazama mtu wanayemjua.

Mdau, Mwanza

Mimi ni ukumbini. Niliweka shata 1/320 ya sekunde ili wacheza muziki wasitikisike, picha zikatoka na mistari ya giza kama pundamilia. Nikailaumu kamera, kumbe taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Nikishuka hadi 1/100 mistari inapotea. Zile LED za rangi za jukwaani bado ni sugu, kila ukumbi najaribu upya kabla maharusi hawajaingia. Na zile za zambarau usoni sizitaki kabisa, naomba MC awasogeze maharusi kando dakika tano tu.

Mdau, Muscat

Ukitoka kwenye gari lenye AC, lenzi inafunga ukungu papo hapo kwa unyevu wa pwani. Nimekosa tukio zima la bibi harusi kuingia mlangoni kwa sababu hiyo, na kufuta hakusaidii, unarudi. Sasa kabla ya kushuka naifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki, naiacha nje ndani ya mfuko nusu saa izoee joto. Wa Dar na Zanzibar mliolala hoteli yenye AC, hili linawahusu.

Mdau, Stockholm

Nimezoea huku, mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku na ule mwanga wa dhahabu unakaa saa nzima na zaidi. Nikaja Dar likizo, nikamwambia dada yangu tutapiga Coco Beach jioni, tukachelewa kwenye foleni. Tumefika, nimebadilisha lenzi, kugeuka giza! Karibu na ikweta jua linashuka wima, halisubiri mtu. Sasa nikiwa nyumbani saa kumi na moja kamili nimeshasimama mahali pangu.

Mdau, Nairobi

Mimi natumia simu pekee. Kwanza nafuta lenzi na fulana, maana mafuta ya vidole ndiyo yanafanya kila taa iwe na nywele. Pili nashikilia kidole usoni mwa mtu hadi fokasi ijifunge, kisha nateremsha kile kijua kidogo cha mwanga kwenye skrini anga ipate rangi yake.

Nikikata tamaa namkumbuka Mohamed Amin, mpiga picha wa habari wa Kenya. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono, akawekewa wa bandia, akarudi kazini kushika kamera. Mimi nina mikono miwili na mvua inanizuia kutoka?

Mdau mpya, Korogwe

Shikamooni wakubwa. Nina kamera ya mtumba na ile lenzi yake ya 18-55. Nyuso zinanitoka nyeusi kila siku, nilikuwa nakusanya hela ya kamera mpya. Niendelee?

Mwanzisha uzi, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela usiimalize kwenye kamera. Tafuta lenzi ya 50mm ya f/1.8, inayoingiza mwanga mwingi kuliko hiyo yako, hata ya mtumba, ila imulike kwa tochi kwanza uangalie kama ndani kuna kuvu, ule ukungu unaofanana na utando wa buibui. Kabla ya hapo, mweke mama yako karibu na dirisha, zima taa, umpige picha ishirini akigeuka kidogo kidogo kutoka dirishani mpaka ukutani. Zilete hapa tuzione.

Na Jumamosi nina ndoa Pongwe, saa tisa. Panda basi uje, msaidizi wangu anasafiri na lile zuio la jua halina mshikaji.