Tupeane uzoefu: mliotazama Oz ya 2013 huku mnaipenda ile ya zamani, iliwakaaje moyoni?

Wakuu, salaam kutoka Mtwara mjini.

Mada hii nimekaa nayo muda mrefu. Naomba waliotazama Oz the Great and Powerful, ile ya Sam Raimi iliyotoka Machi 2013, waje na visa vyao. Sitafuti maksi. Nataka kujua uliitazama wapi, ulikuwa na nani, na iliifanya nini ile ya mwaka 1939, The Wizard of Oz, kama ulikuwa unaipenda. Kwa ambao hawajaiona: hii mpya inasimulia mambo ya kabla Dorothy, yule binti wa Kansas wa muvi ya zamani, hajafika Oz. Oscar Diggs, mtu wa mazingaombwe kwenye sarakasi, anachukuliwa na kimbunga ndani ya puto kutoka Kansas mwaka 1905, anatua nchi ya Oz, na huko ndiko anakotokea kuwa yule mkubwa anayeogopwa na kila mtu.

Naanza mimi.

Mwaka 1996 baba mdogo alirudi kutoka Dar kwa meli, kwa sababu barabara ya Kibiti kuja Lindi masika haikuwa barabara. Alishuka na deki na mikanda mitatu. Mmoja ulikuwa wa Dorothy. Kiingereza hatukujua, kwa hiyo tulijitungia maneno yetu wenyewe, na mama alikuwa akikaa na sisi mkekani, anasuka ukili huku anatazama. Tuliutazama ule mkanda mpaka ukaanza kukwaruza.

Sasa tivii yetu, ya kichogo, haikuwa na rangi. Wanaoijua muvi wanajua nataka kusema nini. Kansas imepigwa kwa rangi moja ya kahawia iliyofifia, halafu nyumba inatua, Dorothy anafungua mlango, na nje kuna rangi zote za dunia. Sisi hatukuliona hilo hata siku moja. Dorothy alifungua mlango, akatoka nje, basi. Kansas na Oz zote zilikuwa kijivu, na tuliipenda hivyo hivyo miaka yote.

Mwaka 2013, ule mwaka wa msukosuko wa gesi, watu walikuwa wanawahi kuingia ndani jioni. Nikaiazima hii mpya kwa jirani hapa Magomeni. Ikaanza: kipicha kidogo cha mraba katikati ya kioo, hakina rangi. Nikasema moyoni, ndivyo tulivyozoea. Puto likaingia kwenye kimbunga, likatokea upande wa pili, na ile picha ikaanza kutanuka kushoto na kulia, rangi zikamwagika. Nililia, wakuu. Kesho yake nikaitafuta ile ya zamani, nikaitazama kwa mara ya kwanza kwenye kioo chenye rangi, mlango ukafunguliwa. Nilikuwa na miaka 26.

Kasoro za hii mpya nazijua. James Franco, anayemwigiza Oscar, anachekacheka mahali ambapo mtu angetakiwa kuogopa, na katikati inapwaya. Lakini ndiyo iliyonirudishia muvi ya utotoni, nzima. Kwangu muvi ya kisa cha nyuma ina kazi hiyo: ikufanye urudi kwenye ile ya kwanza na ukute kitu ambacho hukukiona. Karibuni.

Mdau wa Mikindani:

Mleta mada, mimi niliiona kibanda umiza, kiingilio shilingi 200, imetafsiriwa. Na kwenye tafsiri ndipo penye kisa.

Kiswahili chetu kina neno moja, mchawi. Kule wana maneno tofauti: huyu Oscar wana jina lake, na wale kina mama watatu wana jina lao. Mtafsiri akisema "mchawi" kwa wote wanne, hadithi inakufa, maana muvi nzima inasimama juu ya jambo hili: kina mama wana nguvu za kweli, na mwanamume hana, ana ujanja tu. Yule mtafsiri wetu alikuwa fundi. Kina mama akawaita wachawi. Oscar akamwita "mzee wa kiinimacho". Neno moja tu, na ukumbi mzima ukaelewa papo hapo kwamba huyu jamaa anawababaisha watu wa Oz.

Shida ilikuja kwa Glinda. Mtafsiri akasema "mchawi mwema". Mzee mmoja nyuma yangu akakataa kwa sauti: hakuna kitu kama hicho. Wengine wakamuunga mkono. Kwetu mchawi ni mtu anayeua watoto wa watu usiku, hana wema wa kujificha ndani yake. Mpaka Glinda anashuka na lile povu lake, watu bado wanangoja siku atakayowageuka. Hakuwageuka. Nilitoka pale nikiwaza kwamba angemwita mganga, pasingekuwa na ubishi.

Mdau wa Newala:

Nitasema tofauti na mleta mada. Mimi hii muvi iliniumiza.

Binti yangu ana miaka saba. Shangazi yake alimwekea hii ya 2013 kwanza, kwa sababu ina rangi nzuri na nyani mwenye mabawa. Akaipenda, sikatai. Baadaye nikamletea ile ya zamani, nikijua ninampa zawadi. Nilikuwa nangoja pale mbwa Toto anapovuta pazia na kumfichua mzee mmoja wa kawaida akihangaika na mitambo yake. Mimi pale niliruka nilipokuwa mdogo. Binti akasema, "Baba, si ni Oscar." Akaendelea kula muhogo wake.

Mimi ni Mmakonde. Waliokulia huku wanaijua ngoma ya mapiko. Lipiko linatoka na sura ya kuchongwa, mwili umefunikwa wote, na mtoto anakimbia kweli, kwa sababu hajui kuna nini ndani. Ukienda jando ndipo unajua. Na ukishajua, bado ngoma ikipigwa unasisimka, tena unasisimka zaidi, kwa sababu sasa na wewe ni mlinzi wa ile siri. Kujua kuna wakati wake. Kumwonyesha mtoto aliye ndani kabla hajawahi kukimbia ni kumnyima vitu viwili kwa mpigo, woga na ule ukubwa unaokuja baada ya woga.

Sisemi muvi mbaya. Nasema mwenye mtoto aanze na ya 1939. Hii ifuate akiwa na miaka kumi na zaidi.

Mleta mada:

Kaka wa Newala, sina cha kukujibu. Mimi niliyapata kwa mpangilio uliotaka wewe, ndiyo maana nimeweza kuipenda hii ya pili.

Mdau wa Kilwa Masoko:

Swali fupi. Vile viatu vyekundu vya Dorothy viko wapi? Nimeitazama hii mara mbili, sijaviona.

Mdau wa Mtwara, Shangani:

Hutaviona, mkuu. Kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, hadithi hii ilikotoka, kilishatoka kwenye hakimiliki, yeyote anaweza kukitumia. Lakini ndani ya kitabu viatu ni vya fedha. Wekundu uliwekwa na waliotengeneza muvi ya 1939, ili vivutie kwenye rangi. Ile muvi haki zake ziko Warner Bros, na hii ya 2013 ni ya Disney. Kwa hiyo Disney walichukua cha kitabuni, vya muvi wakaviacha.

Lakini kuna jambo waliliazima kwa akili. Ile ya zamani, watu wa Kansas wanarudi Oz kwa sura nyingine: vibarua wa shamba ndio haohao mtu wa majani, mtu wa bati na simba. Hii nayo imefanya hivyo. Msaidizi wa Oscar pale sarakasi ndiye sauti ya nyani. Yule Annie anayemuaga Oscar kule Kansas ni Michelle Williams, na ndiye Glinda. Na Annie anamwambia Oscar kwamba ameposwa na mtu anaitwa John Gale. Dorothy ukoo wake ni Gale. Kwa mpenzi wa ile ya kwanza, sentensi hiyo moja inatosha.

Mdau wa Nachingwea:

Umemsahau mmoja kwenye hao wanaorudi, na ndiye aliyenileta hapa.

Dada yangu mkubwa aliugua polio akiwa mdogo. Anatembea kwa magongo. Tuliitazama hii muvi pamoja, mimi na yeye, sebuleni, korosho za kubangua ziko mbele yetu kwenye ungo. Mwanzoni kule Kansas, Oscar yuko jukwaani anajisifu kwamba anaweza kila kitu. Binti mmoja aliye kwenye kiti cha magurudumu akamwamini. Akamwomba amfanye atembee. Wazazi wake wakawa tayari kutoa pesa walizonazo. Oscar hana la kufanya, kwa sababu yote ni kiinimacho, watu wakaanza kumzomea. Dada aliacha kubangua.

Baadaye, Oz, Oscar anakuta kijiji cha vyombo vya kaure kimevunjwavunjwa, na kidoli kimoja cha msichana kimebaki, miguu imekatika. Anatoa gundi kwenye begi lake, anaiunga miguu, kidoli kinasimama, kinatembea. Sauti ya kile kidoli ni ya yule yule binti wa kwenye kiti. Mimi nilifurahi, machozi yakanilengalenga, nikamgeukia dada nikijua na yeye amefurahi.

Akasema, "Na yule wa Kansas?"

Nikamwambia ndiyo huyu, muvi inataka kusema ndiyo huyu. Akasema hapana, huyu ni wa kaure. Yule wa Kansas amebaki pale pale alipoachwa, na yule mwanamume hakurudi kumwambia hata pole.

Tuliongea mpaka usiku. Akanieleza alivyopelekwa kwa watu wa kila aina akiwa mtoto, na jinsi kila aliyeahidi alivyokuwa na uso wa Oscar, wa kucheka hivyohivyo. Tumelala chumba kimoja miaka 14 na sikuwahi kuyasikia. Kwa hiyo nikiulizwa ile muvi ni nzuri au mbaya, sijui niseme nini. Najua kwamba Franco pale jukwaani, anapomtazama yule binti na kukosa neno, ameigiza vizuri kuliko mahali pengine popote mle ndani. Na najua dada hataki kuirudia. Ya Dorothy anaipenda. Anasema mle hakuna aliyeponywa: mtu wa majani, mtu wa bati na simba walikuwa na akili, moyo na ushujaa waliovitafuta tangu safari inaanza.

Mdau wa Lindi mjini:

Dada wa Nachingwea, nimekusoma mara mbili. Mfikishie dada yako salamu.

Mimi shida yangu ni Theodora, mmoja wa wale wachawi watatu. Adui wa ile ya zamani, aliyechezwa na Margaret Hamilton, alikuwa wa kuogopesha hadi ukisikia kicheko chake unatafuta pa kushika. Hatukuambiwa kwa nini ni mbaya, na hatukuuliza. Sasa hii ya 2013 inatuambia: alikuwa msichana mzuri, akampenda mwanamume siku moja, kesho yake akadanganywa na dada yake kwamba yule bwana ana mwingine, akala tofaa, akawa wa kijani. Mwanamke mwenye nguvu za kuwasha moto kwa mikono yake, anaharibika kwa wivu wa siku mbili! Nilichukia mno. Mila Kunis alijitahidi, mwandishi ndiye aliyemwangusha.

Ndiyo maana muvi ya Wicked, inayosimulia adui huyohuyo, ilipotoka Novemba 2024 niliikimbilia. Hii ni hadithi nyingine kabisa, ina asili yake kwenye riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995 na mchezo wa jukwaani wa 2003, haihusiani na Oscar Diggs wa Disney. Mle kijani anazaliwa nacho, na chuki anaikuta kwa watu. Mtu akitaka kunieleza adui wangu wa utotoni alitokea wapi, anieleze hivyo.

Mdau wa Masasi:

Nina banda la kuonyesha muvi, na zamani nilikuwa natembea na mashine vijijini msimu wa korosho, watu wakiwa na pesa. Tunafunga shuka jeupe kwenye miembe miwili.

Mwisho wa hii muvi, Oscar hana jeshi. Anachukua mashine ya kurusha picha, anawasha moshi mwingi, anaurusha uso wake juu ya ule moshi uwe mkubwa kama nyumba, na wale wachawi wenye nguvu za kweli wanakimbia. Wenzangu bandani walishangilia. Mimi nilikaa kimya. Nimewahi kuona vumbi la uwanjani linapita kwenye mwanga wa mashine yangu, na sura ya mtu ikatokea kwenye vumbi, nyuma ya shuka, na watoto waliokaa upande ule wakapiga kelele. Sikuwahi kuona kazi yangu ndani ya muvi. Nimeirudia hiyo sehemu labda mara 30.

Mleta mada:

Asanteni wakuu. Swali la viatu limenikumbusha jambo, niliseme kisha niwaachie.

Juzi mama alikuja kutoka Ligula. Macho yake si yale tena. Nikamwekea ya Dorothy kwenye tivii kubwa, sikumwambia kitu. Kimbunga kikaja, nyumba ikaanguka. Akasema hapa ndipo baba yenu mdogo alipokuwa akiongeza sauti. Mlango ukafunguliwa. Hakusema neno, alisogea tu na kiti karibu. Ikafika pale vile viatu vinapotokea miguuni kwa Dorothy, akanishika mkono.

"Kumbe vyekundu," akasema. "Mimi siku zote nilikuwa navishona vyeusi."

Ndipo nikakumbuka ile mikeka yake ya ukili ya miaka ile, yenye vijiatu viwili vyeusi pembeni, ambavyo hatukuwahi kumuuliza ni vya nani.