Naomba ushauri: Burj Khalifa na mama, tupande saa ngapi?

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa waliowahi kupanda Burj Khalifa.

Mwezi wa kumi na mbili naenda Dubai kufuata mzigo wa duka, na safari hii naenda na mama, ana miaka 67. Presha anayo, dawa anakunywa vizuri, ila magoti yanamsumbua. Kusimama foleni nusu saa kwake ni mtihani. Lakini hilo jengo la mita 828 kalishikia bango, mpaka kanga ya kupigia picha ameshaipiga pasi.

Nimeingia kununua tiketi mtandaoni mara tatu, nikatoka bila kulipa. Ghorofa ya 124 na 125 ndiyo nafuu, ile ya 148 bei yake inanitoa jasho. Halafu saa za jua kuzama ni ghali kuliko asubuhi. Jamaa yangu mmoja wa Deira nilipomuuliza kanijibu "kote kuzuri tu". Haya, asante. Mimi mwenyewe nimeishia kulitazama kutoka chini, pale kwenye chemchemi, shingo ikaniuma.

Maswali yangu: asubuhi mapema ukungu na vumbi vinaruhusu kuona mpaka baharini, au nijikamue nilipie jioni? Na ile lifti inayopanda mita 10 kwa sekunde, mliokwenda na wazazi wenye presha, walifika juu wakiwa salama, na wakapata pa kukaa?