Mrejesho: unga wenye virutubishi shuleni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza tufanyeje: afisa lishe anataka chakula cha shule kitumie unga ulioongezwa virutubishi (vitamini na madini), na sisi wazazi tunachanga mahindi kwa debe.

Wazo la kuchanganya kirutubishi wenyewe limegonga mwamba. Ni gramu chache kwa gunia zima. Ukikoroga kwa mwiko, mtoto mmoja anakula cha wenzake wote. Mashine ya kusaga ya kijiji haina kifaa cha kukipima na kukichanganya.

Kikao kimeamua uji wa asubuhi tununue unga wa dukani wenye nembo ya virutubishi. Mchana makande ya mahindi yetu, yakichambuliwa kwanza. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, si mchezo. Afisa amekubali, japo kwa shingo upande.

Kimebaki kizungumkuti cha michango. Ni hiari, na nusu hawajatoa.