Naomba ushauri: mashabiki wajipangie bei ya albamu?

Habari zenu wakuu. Bendi yetu ya dansi hapa Morogoro imemaliza kurekodi albamu ya nyimbo nane, na mashabiki wamegawanyika. Wazee wa ukumbini wanataka flashi ya shilingi 10,000 wakapige kwenye gari. Vijana wanasema tuiweke yote YouTube bure, hela tutaipata kwenye maonyesho (wao wenyewe kiingilio huwa wanakwepa!).

Mpiga besi wetu kang'ang'ania mfano wa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, ambao Oktoba 2007 waliiachia albamu yao In Rainbows mtandaoni na kila msikilizaji akajipangia bei, hata sifuri. Sawa, lakini wale walishakuwa na jina dunia nzima, na pembeni waliuza boksi maalumu la albamu hiyo kwa pauni 40. Sisi tumejaribu wimbo mmoja kwa mtindo huo, malipo kwa simu: sifa zilimiminika, hela kiduchu.

Mliowahi kuuza muziki wenu wenyewe, flashi itangulie kwa muda gani kabla ya kuweka albamu mtandaoni? Na kwa bendi ndogo, bei ya hiari inalipa, au tuweke kima cha chini?