Ushauri: nataka ulaji nitakaokaa nao mpaka uzeeni, si dayati ya miezi miwili. Na nyimbo zangu nizipangeje?

Kaseti Digitali

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Niko Mbeya, nakaa Isanga, nina duka la spea Mwanjelwa. Umri umevuka arobaini. Kazi yangu ni kukaa kwenye stuli toka asubuhi mpaka jua linazama; nikinyanyuka ni kumshushia mteja shokapu au kutafuta chenji kwa jirani. Kitambi kipo, sikifichi. Presha nimepima iko sawa, na sukari pia. Nimekuja kwenu mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Sitaki dayati. Hapa sokoni nimewaona watu wanakunywa maji ya ndimu, wanaacha ugali, wanapungua, wanapongezwa, halafu Krismasi ikipita wamerudi na nyongeza juu. Mimi natafuta namna ya kula ambayo nikifika sabini bado naila bila mtu kunikumbusha.

Shida ni kwamba nyumbani tunapika sufuria moja: mke wangu, watoto, na mama mkwe anayeishi nasi. Siwezi kumwambia mama mkwe kuwa mimi napikiwa cha peke yangu, hiyo kesi sitaishinda. Baridi ya huku nayo mnaijua, Juni na Julai chai haikauki mezani, na chai yetu ina sukari kwelikweli. Mchana nakula kwa mama ntilie: ugali mkubwa, maharage, kipande cha nyama, na mboga za majani kijiko kimoja pembeni.

La pili linafuatana na hilo. Kitu pekee kinachonitoa kitandani alfajiri kwenda kutembea ni muziki. Nina nyimbo nyingi mno: zilipendwa, kwaya, Bongo Fleva za mwanzo, rumba ya Kongo. Ziko kwenye hadi diski, memori kadi, na fleshi nilizojaziwa na vijana wa kuweka nyimbo. Nyingine zimeandikwa "Track 05", nyingine jina la tovuti tu, nyingine zinajirudia mara tatu. Nikitoka kutembea nusu ya njia inaishia kwenye kuchagua wimbo. Jioni ndiyo nawasha spika na kusikiliza kwa raha, na hapo ndipo bakuli la karanga na maandazi linapoisha bila mimi kujua.

Nianzie wapi? Nawasilisha.

Bandama

Maandazi umeyataja mwenyewe. Uzi ufungwe.

Nesi wa Zamu

Kaka, hongera kwa kupima ukiwa mzima, wengi tunawapokea wakiwa wameshadondoka.

Nianze na chai, maana ndiyo kubwa kuliko unavyodhani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, au 25 ukilenga kule kwenye ubora. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Piga hesabu: vikombe vinne vya siku ya baridi, vijiko vitatu kila kimoja, tayari gramu 48 na hujagusa soda wala andazi. Tena vijiko vya Mbeya tunavijua, havisawazishwi, vinachotwa na kichuguu juu. Usiache ghafla. Punguza nusu kijiko, kaa hapo mpaka ulimi uzoee, punguza tena. Tangawizi na mchaichai vitakusaidia sana kipindi hicho.

Sufuria moja haikuzuii chochote. Tofauti iwe kwenye sahani, jikoni paache palivyo. Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Mama mkwe ataona tu mkwe anayependa mboga zake, na mkwe wa hivyo sijasikia akichukiwa. Kwa anayepika omba mambo mawili: mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, maana gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4, na chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi.

Mizani usiiabudu. Chukua kamba, ipime kwa urefu wako toka utosini mpaka kisiginoni, ikunje katikati, halafu izungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana uko vizuri. Zisipokutana, kazi ipo.

Mla Nyama wa Kabwe

Mnamdanganya jamaa. Aache ugali, wali, viazi, ndizi, vyote. Mimi toka Januari ni nyama na mayai tu, suruali zote zinanivuka. Acheni woga.

Mama Lishe Soweto

Toka Januari sawa baba. Nitakuuliza tena Januari ya tano.

Kaka wa spea, mimi ndiye huyo mama ntilie wako, ila niko Soweto. Ngoja nikupe siri za upande wetu. Ugali tunaujaza kwa sababu mteja akiona sahani haijajaa kesho anahamia kwa jirani. Mboga ndiyo inayotutoa jasho: furushi zima la chainizi ukilipika linabaki konzi. Kwa hiyo ukitaka mboga mara mbili, sema kabla sijapakua, na ongeza hela kidogo ya mboga. Sema hivi: "Mama, ugali nusu, majani yajae." Ukisema hivyo wiki moja, ya pili huhitaji kusema, nikikuona tu unavuka barabara nimeshapakua. Ila usiletewe ugali mzima halafu ubakize. Hapo umeniudhi na hujanifundisha kitu.

Na kama mama ntilie wako anauza usipa wa Kyela, mshike sana.

Nesi wa Zamu

@Mla Nyama wa Kabwe, sikatai kuwa umepungua. Lakini mwenzio ameuliza kitu cha kukaa nacho miaka thelathini, kwenye nyumba yenye watoto na bibi. Pia wasomaji wengine: kama unatumia dawa za kisukari, usiache wanga ghafla kwa kusoma uzi, sukari inaweza kushuka vibaya. Ongea na daktari wako kwanza.

Binti Uyole

Mimi ni mtu wa kilimo, nitaongea ya shambani tu. Kula dona badala ya sembe, nyuzinyuzi zote zinabaki na utashiba mapema. Sharti mahindi yawe yamekauka vizuri na hayana ukungu, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupika. Chagueni punje kabla ya kupeleka mashineni, zilizovunda na zenye rangi ya ajabu mtupe.

Maharage hamna haja ya kuhangaika, kituo cha utafiti cha hapa kwetu kimetoa aina nzuri, ile Njano Uyole inaiva upesi na mchuzi wake mtamu. Loweka usiku, mwaga maji, gesi tumboni inapungua.

Parachichi la Rungwe ni zuri ila msilihesabu kama mboga. Gramu 100 zina kalori kama 160. Nusu inatosha, na siku hiyo punguza mafuta kwenye kachumbari.

Fundi Redio Mafiati

Nilikuwa nasubiri wamalize ya tumbo. Sasa nyimbo.

Kabla hujapanga chochote, nakili kila kitu mahali pa pili. Hadi diski haigongi hodi ikitaka kufa. Ukinunua memori kadi ya kuhifadhia, ijaribu kwanza na programu inaitwa H2testw kwenye kompyuta, kwa sababu mtaani kuna kadi zimeandikwa GB 128 na ndani hazina hata robo. Nyimbo zinaonekana zimeingia, ukizifungua ni kimya. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine dukani; mwizi au moto hauchukui nyumba mbili siku moja.

Kupanga majina tumia Mp3tag, ni ya bure. Picard pia ni nzuri, inatambua wimbo kwa kusikiliza sauti yake, ila zilipendwa zetu nyingi zinaipita, itabidi usikilize na kuandika mwenyewe. Amua jina moja kwa kila bendi na usilibadilishe. Hapa ndipo watu wa zilipendwa wanapopotea: NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma ni bendi ile ile, ilikuwa inabadilisha jina kila chama cha wafanyakazi kinapobadilika. DDC Mlimani Park na Sikinde hivyo hivyo. Ukiacha kila faili na jina lake, simu itakuonyesha bendi sita na wewe unazo mbili. Mimi naandika Msondo kote, halafu jina la enzi hizo naliweka kwenye sehemu ya albamu.

Usidanganywe na kijana anayekwambia atakubadilishia MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde ziwe 320. Kilichokwisha kukatwa hakirudi, faili litanenepa tu: wimbo wa dakika nne unatoka karibu MB 4 kwenda karibu 10, na sauti ni ile ile. Tafuta nakala bora au ridhika na uliyonayo.

Kuhusu kuchagua wimbo njiani, acha kuchagua. Tengeneza orodha moja ya dakika 30, iite "Alfajiri", ndiyo pekee unayoruhusiwa kufungua ukiwa barabarani. Zilipendwa nyingi ni ndefu, nyimbo tano zinakutosha. Na rumba ya Kongo imeshakupangia mazoezi: mwanzo inakupasha taratibu, sebene ikiingia ndiyo unapandisha kilima.

Nesi wa Zamu

Fundi umenisaidia bila kujua. Dakika 30 mara tano kwa wiki ni 150, ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima kutembea kwa kasi. Kasi maana yake hatua kama 100 kwa dakika, unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Aongeze siku mbili za kuchuchumaa na kusimama, na pushapu hata za ukutani, maana misuli inapungua kadri umri unavyokwenda na kutembea peke yake hakuirudishi.

Kaseti Digitali

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Mama Lishe, leo mchana nimesema maneno yako vilevile, mama wa hapa Mwanjelwa kacheka ila kapakua.

Maswali mawili. Jioni kwenye spika nifanyeje, sitaki kuacha kusikiliza. La pili, sauti hazilingani. Zilipendwa ziko chini, naongeza, halafu inakuja Bongo Fleva inanipasua masikio kwenye eafoni.

Fundi Redio Mafiati

La sauti kuna MP3Gain, inasawazisha ukubwa wa sauti bila kuharibu faili. Weka zote desibeli 89, ndivyo ilivyowekwa yenyewe; hiyo ni namba ya ndani ya programu, si ukubwa wa sauti unaofika sikioni. Fanya kwenye nakala, si kwenye faili mama.

Nesi wa Zamu

Na ukishasawazisha, usipandishe tena. Shirika la Afya linasema sauti ikifika sikioni kwa desibeli 80 unaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 ni saa 4 tu. Alfajiri barabarani acha sikio moja wazi, bodaboda hazina huruma.

Jioni kula kwanza, mezani, muziki umezimwa. Mtu akila huku akili iko kwenye kitu kingine hula zaidi, hilo limepimwa mara nyingi. Baada ya chakula hamia kwenye kiti chako cha muziki. Karanga zikibidi, konzi moja kwenye kisahani, bakuli libaki kabatini. Maandazi yawe ya Jumapili.

Bandama

Nilisema mimi.

Mzee wa Tukuyu

Vijana marahaba. Mimi sabini nimeshaipita. Mnisikilize kidogo.

Msije mkasema wazee tulikuwa na siri ya chakula. Tulikula ndizi, maharage, magimbi, maziwa mgando, mboga za kando ya nyumba, nyama siku ya msiba au harusi. Lakini pia tulishinda na jembe na kupanda milima na mzigo. Wanangu wanakula ndizi zile zile na maziwa yale yale wakiwa ofisini, na wamenenepa. Mimi mwenyewe nilipoacha kulima sana nilipunguza sahani, sikusubiri daktari. Mke wangu alidhani naumwa, tukagombana kidogo, akazoea. Bado nakunywa kikombe cha mtindi kila jioni na bado napanda mpaka shambani, hata kama ni kwenda kuangalia tu watu wakilima.

Fundi, nina kaseti zangu za tangu niko kazini, nyingine nilirekodi mwenyewe kutoka redioni. Zinaweza kuingia kwenye hiyo simu?

Fundi Redio Mafiati

Shikamoo mzee. Zinaweza, na zako za redioni usizichelewe, huenda hakuna mwingine anazo.

Kwanza usizirudishe kwa kasi kabla ya kuzikagua. Angalia kile kipande kidogo cha sufi katikati ya mdomo wa kaseti. Kikiwa kimedondoka sauti itafifia, kibandikwe au mkanda uhamishiwe kwenye ganda zima. Kichwa cha deki kisafishwe kwa spiriti na pamba. Kisha waya kutoka tundu la eafoni la deki kwenda kwenye kompyuta, programu ni Audacity, ya bure. Tundu la maikrofoni la laptopu nyingi linachukua upande mmoja tu wa sauti na linakwaruza, kwa hiyo bora upate kile kifaa kidogo cha USB chenye tundu la kuingizia sauti.

Hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa moja inachukua saa moja. Hifadhi kwanza kama WAV, ni karibu MB 10 kwa dakika, halafu ibadilishe iwe FLAC, itapungua karibu nusu bila kupoteza kitu. Ya simu ndiyo utoe MP3. Na andika tarehe na kituo kama unavikumbuka, wakati bado unavikumbuka.

Mzee wa Tukuyu

Marahaba. Nitamtuma mjukuu na kaseti tatu Jumamosi. Usizichanganye, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu.

Kaseti Digitali

Mzee, akifika Mbeya apitie dukani kwangu nimpeleke mwenyewe kwa miguu, Mwanjelwa mpaka Mafiati ni karibu. Fundi, na mimi nakuja na hadi diski. Ndaga fijo, asanteni sana nyote.