Alama za taiming zimekaa zote, gari haina nguvu. Msaada wakuu

Kijiti_Moro: Wakuu, heshima zenu. Nimeunda upya injini ya Corolla yangu, 4A-GE ya valvu 16. Belti mpya, alama za kamu zote mbili (mihimili inayofungua valvu) na ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimekaa penyewe. Inawaka starti ya kwanza, ila chini ya mizunguko 3000 imelala. Kitonga napanda kwa gia ya kwanza, malori yananipigia honi. Ikichanganya inakimbia. Plagi na mafuta nimekagua. Nini hiki?

Shangazi Dizeli: Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu ya 2L, inapanda Sekenke na vitunguu hadi juu ya bomba, hajui hata taiming ni nini. Hamia dizeli mwanangu.

Mzee Spana: Dogo, hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, iliguswa?

Kijiti_Moro: Ilisagwa kidogo tu mzee, kawaida.

Mzee Spana: Kidogo ndiyo ngapi?

Kijiti_Moro: Mara mbili. Na kamu ya inteki (ya valvu za kuingiza hewa) ni ya kuchongwa upya, muuzaji alisema kilele chake digrii 110 za krenki baada ya pistoni kufika juu kabisa. Sikuona kama inahusu, alama si zimekaa? Puli za kurekebishika bei yake mnaijua, kwa hiyo nimeshaanza kutanua kwa tupa tundu la pini inayoshika puli kwenye kamu. Msinitukane, nimepima kwa rula.

Bwashee: Rula ya darasa la ngapi?

Mtumishi77: Vijana hamridhiki. Gari limetoka kiwandani zima, unalichokonoa, halafu unalia.

Mzee Spana: Weka tupa chini. Hedi ikisagwa, kamu zinasogelea krenki, belti inalegea, tenshena (kikaza belti) inakula ulegevu na kamu inachelewa. Alama ni za hedi na kamu za kiwandani. Chapisha protrakta ya duara, bandika kwenye bati, funga mbele ya krenki. Belti ikiwa nje, weka kizuizi tundu la plagi namba 1, zungusha taratibu kwa mkono mpaka pistoni iguse, soma. Rudi upande wa pili, soma. Katikati ndiyo juu kabisa, hapo ndiyo sifuri. Toa kizuizi, rudisha belti, weka saa ya kupimia milimita juu ya kikombe cha valvu ya inteki namba 1. Soma digrii kamu ikiwa milimita 1 kabla ya kilele, kisha milimita 1 baada yake. Jumlisha, gawa kwa 2. Zungusha upande injini inakozungukia tu; ukipitiliza, anza upya. Na kabla ya kuwasha weka udongo wa kuchezea juu ya pistoni, uone valvu zinabakiza nafasi gani.

Mpelelezi: Juzi huyu huyu aliuliza bei ya bajaji. Leo ana 4A-GE? Chai hii.

Bwashee: Hata kama chai, jibu la mzee nimelihifadhi.

Kijiti_Moro: Bajaji ni ya shemeji! Saa nimeazima kwa fundi wa kukereza. Nimepata 79 na 157.

Mzee Spana: 118. Muuzaji alisema 110, kwa hiyo umechelewa digrii 8 za krenki, yaani 4 kwenye puli ya kamu. Usiruke jino: puli ya meno 48, jino moja ni 15 za krenki. Nunua puli.

Kijiti_Moro: Tundu nimeshalifikisha nusu lakini…

Mpelelezi: Namba hata mimi naandika. Picha.

Kijiti_Moro: Simu yenye kamera anayo fundi, ameenda nayo kula.

Mpelelezi: Sasa imetiwa na tangawizi.